Teksi za anga hazikuuawa na wakaguzi

Tangu kampuni ya Lilium ya Ujerumani, iliyokuwa ikibuni teksi za anga, yaani ndege ndogo za umeme za kubeba abiria, ifilisike Oktoba 2024, ikafuatwa na Mjerumani mwenzake Volocopter kabla mwaka haujaisha, kisha Eviation ya Marekani ikaachisha kazi wengi wa wafanyakazi wake Februari 2025, wanaofuatilia habari za ndege za umeme wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inalia kwamba wavumbuzi wameuawa na wakaguzi wa serikali wakishirikiana na wawekezaji wasio na subira. Wangeachiwa miaka mitatu zaidi, tungekuwa tunapanda teksi ya anga kutoka Mbagala hadi Posta. Kambi ya pili inacheka: tuliwaambia betri haiwezi kubeba abiria angani, mkabisha. Kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa ndege nililomo, kambi hizi hurushiana maneno kila habari mpya inapotoka, na kila moja ina mchawi wake wa kumnyooshea kidole. Mimi naona zote zinatafuta mchawi mahali pasipo. Ndege nyingi za namna hii hufa kwa sababu mambo yake mapya yameshikana kiasi kwamba moja likigoma hakuna linalosogea, huku fedha zilizopo zikitosha kugundua kosa la kwanza tu na si kulirekebisha. Hilo halijaanza na betri. Limeshawahi kutokea Uingereza miaka ya arobaini, kwa ndege ya petroli ya viti vinne ambayo leo wachache wanaikumbuka: Planet Satellite.

Turudi nyuma kidogo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilibaki na viwanda vya ndege vilivyojaa mafundi, marubani maelfu waliorudi uraiani, na imani kwamba kila mwenye uwezo wa kununua gari zuri kesho yake angenunua ndege. Ilibaki pia na magnesi. Metali hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa wingi wakati wa vita, ikiwamo kwa ajili ya mabomu ya moto, na amani ilipokuja ikawa inatafutiwa kazi ya kiraia. Ni kipindi hichohicho, tukumbuke, ambacho London iliamini ingeweza kulima karanga Kongwa kwa kutumia vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Simaanishi kwamba Waingereza wa wakati ule walikuwa wajinga. Walikuwa wametoka kushinda vita kwa kufanya mambo makubwa kwa haraka, wakadhani haraka ndiyo iliyowashindia.

Aliyebuni Satellite aliitwa Dundas Heenan, mhandisi mshauri, na alichokitaka kilikuwa na mantiki. Mchemraba wa alumini wenye ujazo wa lita moja una uzito wa kilo 2.7, wa magnesi una kilo 1.74. Ni kweli magnesi hupinda kwa urahisi zaidi, lakini hapo ndipo penye ujanja. Bati la magnesi lenye uzito sawa na la alumini huwa nene zaidi kwa mara moja na nusu, na bati linapoongezeka unene, uwezo wake wa kukataa kujikunja hauongezeki kidogokidogo bali kwa kipeo cha tatu. Ukipiga hesabu, unapata ganda linalohimili kukunjamana mara mbili na zaidi kuliko la alumini la uzito uleule. Kwa hiyo Heenan aliona angeweza kuondoa sehemu kubwa ya mbavu na vyuma vya ndani vinavyojaza ndege ya kawaida, akaliachia ganda lenyewe libebe mzigo. Likatoka umbo la tone la maji, laini, lisilo na kitu kilichojitokeza, la aloi ya magnesi na zirkoni.

Angeishia hapo, huenda tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Hakuishia hapo. Injini, Gipsy Queen ya de Havilland yenye nguvu ya farasi 250, aliiweka katikati ya ndege nyuma ya abiria. Kutoka kwenye injini akapitisha shafti ndefu hadi ncha ya mkia, na huko nyuma kabisa akafunga pangaboi la kusukuma badala ya kuvuta. Mkia nao hakuufanya wa kawaida wenye vipande vitatu. Aliufanya wa vipande viwili vilivyosimama kama herufi V. Magurudumu yalikuwa matatu, moja mbele na mawili nyuma, yote ya kukunjwa ndani ya ndege. Chini ya tumbo ikapita boriti kuu ya magnesi iliyofanya kazi ya mkuku, kama ule wa jahazi, na mzigo wa ndege nzima ukaishia hapo. Ndege ikajengwa Croydon, kusini mwa London, na Septemba 1948 ikapelekwa kwenye maonyesho ya Farnborough, mwaka wa kwanza maonyesho hayo kufanyika pale. Ilisimama uwanjani ikipigwa picha na kusifiwa. Wakati huo ilikuwa haijaruka hata mara moja.

Rubani wa majaribio aliyepatikana hakuwa mtu wa mzaha. Hugh Wilson ndiye aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mwendo Novemba 1945, akiwa na Gloster Meteor, kilometa 975 kwa saa. Mwaka 1949, katika uwanja wa Blackbushe, mtu huyo alikalia Satellite, akaikimbiza, na ilipojaribu kujinyanyua magurudumu yakakunjika. Ikatengenezwa. Akaijaribu tena, safari hii ikapaa futi 20, kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, akaishusha taratibu kabisa kama mtu anayeweka yai mezani. Walipoikagua wakakuta mkuku umepasuka. Hakukuwa na upepo mkali wala tuta, na mikono ya rubani haikuwa na lawama. Bodi ya Usajili wa Ndege ya Uingereza, ARB, ilipozipitia upya hesabu za uimara ikaona kwamba muundo ulipaswa kusanifiwa upya kutoka mwanzo. Huo ukawa mwisho. Ganda la ndege ya pili, ambayo haikuwahi kukamilika, lilichukuliwa kuwa mwili wa helikopta iliyoitwa Firth Atlantic. Nayo ikaachwa bila kuruka, ikaishia kutolewa kwa chuo cha uhandisi wa ndege cha Cranfield. Satellite ya kwanza ilivunjwavunjwa ikawa chuma chakavu mwaka 1958.

Sasa tuzipime hoja. Ya kwanza, na ndiyo dhaifu kuliko zote, ni ile ya kwamba mkaguzi ndiye aliyeiua. Inapendwa kwa sababu ina hadithi tamu: mbunifu mmoja mwenye maono, karani mwenye miwani na muhuri wa kukataa. Lakini hebu soma upya mfuatano wa matukio. Mkuku ulipasuka kwanza, bodi ikaja baadaye. ARB haikuikataa Satellite kwa sababu ilikuwa ya ajabu. Iliombwa ithibitishe kwamba ingebeba watu wanne, na ushahidi pekee uliokuwapo ulikuwa nyufa mbele ya macho yao. Mkaguzi ambaye angesema "endeleeni" hapo angekuwa ndiye wa kulaumiwa. Hoja hiyohiyo inarudi leo kuhusu Lilium, na inaelemewa na ukweli rahisi zaidi: kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2015, ilifilisika kabla haijarusha hata ndege moja kamili yenye rubani ndani. Iliyoruka ilikuwa mfano usio na mtu. Bunge la Ujerumani lilikataa kuidhamini mkopo Oktoba 2024, ni kweli, na wapo wanaosema huo ulikuwa ubahili. Ila kamati ya bajeti ya Bunge si mkaguzi wa usalama. Ilikuwa inaulizwa swali la fedha za walipakodi, na jibu lake lilikuwa la fedha.

Hoja ya pili ina uzito na sitaipuuza: kwamba hata Satellite ingeruka vizuri, isingekuwa na mnunuzi. Uingereza ya 1949 ilikuwa bado inagawa bidhaa kwa kadi, pauni ilishushwa thamani Septemba ya mwaka huo, na aliyetaka ndege angeweza kupata ya jeshi iliyotumika kwa bei ya kutupa. Kampuni ya Miles, iliyokuwa na sifa na wateja kuliko Planet, kampuni iliyoiunda Satellite, ilianguka kifedha mwaka 1947. Nakubali yote hayo. Lakini hoja ya soko inaeleza kwa nini kampuni hufa. Haielezi kwa nini ndege ilipasuka. Ukizichanganya unapata faraja ya uongo: kwamba soko likiwa zuri, kifaa kitakuwa kizuri. Wawekezaji wa Lilium walikuwa na soko kwenye karatasi. Julai 2024 shirika la Saudia lilitia saini kununua ndege 50, na nafasi ya kuongeza 50 nyingine. Miezi mitatu baadaye muuzaji alikuwa amefilisika.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera, labda kwa sababu huandikwa kwa heshima kubwa: ndege hii ilizaliwa kabla ya wakati wake. Sikiliza jinsi inavyosikika vizuri. Haimlaumu mtu, haimdai mtu kitu, na inamwachia kila mmoja hadhi yake. Tatizo lake ni Wichita, Kansas, huko Marekani. Huko, Desemba 1945, Beechcraft walirusha kwa mara ya kwanza ndege ndogo iliyoitwa Bonanza. Ilikuwa ya viti vinne. Ilikuwa na magurudumu matatu ya kukunjwa. Ilikuwa na mkia wa herufi V. Ilianza kuuzwa mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya Satellite kusimamishwa Farnborough, na familia yake imeendelea kutengenezwa hadi zama zetu, ndege zaidi ya 17,000. Kwa hiyo wakati ulikuwa umefika tayari. Mtu mwingine aliufikia kwa wakati, akiwa na mkia uleule.

Tofauti iko wapi? Jibu la haraka ni kwamba Beech walileta jambo jipya moja na Heenan akaleta manne. Ni jibu zuri lakini halitoshi, maana kuna ndege zilizobeba mapya mengi zikafanikiwa. Cirrus SR20, iliyopata cheti mwaka 1998, ilikuja na mwili wa nyuzi na gundi badala ya alumini, pamoja na parachuti ya kuishusha ndege nzima, na marubani wengi wa ndege ndogo leo wanaijua. Nadhani kinachoamua si idadi bali namna mambo hayo yanavyotegemeana. Parachuti ya Cirrus ingeshindwa majaribio, bawa lingebaki bawa. Na Bonanza imetupa ushahidi ambao ni nadra kuupata: mwaka 1960 Beech walianza kuuza Debonair, ambayo kimsingi ni Bonanza iliyovuliwa mkia wa V ikavishwa mkia wa kawaida. Baadaye mkia wa V ukaja kuwa na kesi zake. Baada ya ajali za kuvunjikia angani, miaka ya themanini mamlaka ya Marekani iliagiza uimarishwe, na utengenezaji wake ulikuwa umeshakoma mwaka 1982. Bonanza yenye mkia wa kawaida ikaendelea kuuzwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Jambo jipya lilipoleta shida, lilifunguliwa likawekwa pembeni.

Jaribu kufanya hivyo kwa Satellite. Ukitaka kuacha magnesi, unapoteza ganda nene linalojibeba, hivyo unahitaji mbavu za ndani. Mbavu zinakula nafasi ya injini iliyo katikati na njia ya shafti. Ukiihamisha injini mbele, shafti haina maana, pangaboi linahama, uzito wa ndege unahama nalo, na mkia uliopimwa kwa ndege yenye pangaboi nyuma yake haufai tena. Ukitaka tu kuuimarisha mkuku, unaongeza kilo palepale ulipotoka kuzipunguza, na magurudumu yaliyokwisha kukunjika mara moja yanabebeshwa zaidi. Tena shafti ndefu inadai mwili usiopinda hata kidogo, kwa sababu mwili ukipinda shafti inapinda nao na kuanza kutetemeka. Kila kitu kimemshika mwenzake. Ndiyo maana bodi haikusema "rekebisheni mkuku". Ilisema sanifuni upya. Ufa wa kimo cha futi 20 ulikuwa ufa wa ndege yote.

Kama mtu anadhani nampa Heenan lawama za wakati wake tu, aitazame Lear Fan. Bill Lear, mtu wa ndege za Learjet, alifariki mwaka 1978 akiwa ameacha ramani ya ndege ya biashara yenye pangaboi moja la kusukuma kwenye ncha ya mkia, injini mbili zikilizungusha kupitia giaboksi moja, na mwili wote wa nyuzi za kaboni. Serikali ya Uingereza iliweka fedha kwa sharti kwamba itengenezwe Ireland Kaskazini na iruke kabla mwaka 1980 haujaisha. Desemba 31 ikagoma kwa hitilafu. Ikaruka Januari 1, 1981, na maofisa wa Uingereza, kwa ucheshi ambao makarani hawasifiwi nao, wakaikubali kama safari ya "Desemba 32, 1980". Kwa hiyo hapa serikali haikuwa adui, ilipinda kalenda ili ndege iishi. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita tangu Satellite, hesabu zilifanywa kwa kompyuta, na fedha zilikuwa nyingi. Bado ilikufa mwaka 1985 bila cheti, ikisumbuliwa na giaboksi na mwili wa nyuzi, vitu viwili ambavyo kimoja hakikuweza kubadilishwa bila kugusa kingine.

Tukirudi kwa umeme, kambi ya wanaocheka nayo ina la kujibu. Juni 2020 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA, iliipa cheti Velis Electro ya kampuni ya Pipistrel ya Slovenia. Ni ndege ya viti viwili inayotumia betri, na mashule ya urubani Ulaya yanaitumia. Haiendi mbali wala haikai hewani muda mrefu. Lakini ina bawa la kawaida, mkia wa vipande vitatu na pangaboi mbele. Kilichobadilika ni injini tu, hivyo wakaguzi walijua wapi pa kuangalia. Ukiilinganisha na Lilium, iliyotaka kupaa wima, kugeuza feni zaidi ya ishirini zilizojificha kwenye mabawa ili ziisukume mbele, na kufanya yote hayo kwa betri ambayo mwendo wa kupaa wima ndio unaoinyonya kuliko hatua nyingine yoyote, unaona ndoa ileile ya Satellite. Betri ikipungua nguvu kidogo, kupaa wima kunakuwa hatari. Feni zikiwa ndogo, betri inadaiwa zaidi. Volocopter, nikiri, haiingii vizuri kwenye hoja yangu. Yake ilikuwa ya sahili zaidi na ilikuwa imeruka sana. Ilitegemea kubeba abiria kwenye Olimpiki ya Paris 2024, cheti kikachelewa, na fedha zikaisha kwanza. Eviation ipo katikati: Alice yake iliruka dakika nane Septemba 2022, ikapongezwa dunia nzima, na hiyo ndiyo ikawa safari yake maarufu na ya pekee.

Hizo dakika nane ndizo zinazonirudisha nyumbani, kwa sababu sisi pia tumeanza kupigiwa makofi ya namna hiyo. Mwaka 2022 Fahari Aviation, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilitia saini barua ya kusudio la kuchukua hadi ndege 40 za umeme za Eve, kampuni iliyozaliwa na Embraer ya Brazil. Septemba 2025 ndege isiyo na rubani ya EHang kutoka China ilirushwa Kigali wakati wa mkutano wa usafiri wa anga, na vichwa vya habari vikasema Afrika imeingia zama mpya. Sina ubaya na lolote kati ya hayo. Barua ya kusudio si hundi, na EH216-S ya EHang ina cheti cha mamlaka ya China tangu Oktoba 2023, jambo ambalo Lilium haikufikia. Ninachokataa ni kipimo tunachotumia. Tunauliza kama imeruka. Satellite iliruka.

Maswali ya mnunuzi ni mengine, na hayana mvuto wa kuandikwa kwenye bango. Je, zipo ndege ngapi za majaribio, si moja inayozungushwa kwenye maonyesho? Sehemu mpya ikigoma, inaweza kubadilishwa na ya zamani bila kubomoa ndege nzima? Cheti ni cha nchi gani, na mamlaka yetu ya usafiri wa anga, iwe TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, imekubali kukitambua kwa kazi ya kibiashara ya kubeba abiria au kwa onyesho la siku mbili? Na fedha za kampuni zinaishia tarehe ngapi ikilinganishwa na tarehe waliyoahidi cheti? Hili la mwisho ndilo ambalo shirika la Saudia, lenye wanasheria wa kutosha, lilipaswa kulipatia uzito zaidi.

Jirani zetu Wanyarwanda wenyewe wana mfano mzuri kuliko ule wa Septemba. Tangu Oktoba 2016 Zipline inapeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zenye mabawa ya kawaida, zinazodondosha kifurushi kwa parachuti ya karatasi na kurudi. Hakuna mtu ndani. Ndege moja ikianguka, chupa ya damu inapotea na nyingine inatumwa. Kosa lina bei inayolipika, kwa hiyo kampuni iliweza kukosea mara nyingi na bado ikabaki kazini. Planet ilikuwa na ndege moja, mkuku mmoja na bajeti ya kosa moja. Kama mpango wowote wa teksi za anga utakaoletwa mezani Dodoma, Nairobi au Kigali una hesabu ya namna hiyo, watu wa hazina wauone mapema, kabla ya wapiga picha kuitwa.